Mnatuonyesha treni tu! Na teksibisi, basi dogo la kwenda mtaa wa Ruashi, itasimama wapi?

Ndugu zangu wa Lushi, mji wetu wa Lubumbashi, leo nimekasirika na sifichi. Kila picha ya treni ya mji ikipita humu kwenye kundi letu, iwe ya Addis Ababa, Dakar au Lagos, tunaanza kubishana juu ya rangi ya mabehewa. Hakuna anayeuliza mtu akishuka atapanda nini. Wachora mipango nao wanapenda tukae hivyo hivyo, maana kwenye michoro yao gare, yaani kituo cha treni, inaishia mlangoni. Mbele ya mlango wameweka miti na watu wawili wanatembea wakicheka. Reseveri wa kukusanya nauli hayumo, manseba wa pikipiki hayumo, mama mwenye gunia la makala (makaa) ndiyo kabisa.

Haya, tupige hesabu wanayoikwepa. Tuseme mji wetu umepata treni yake, na ya asubuhi inashusha watu 600. Tuseme theluthi tu, watu 200, wanahitaji gari la kuendelea. Teksibisi inabeba 18 tukibanana, kwa hiyo ni magari 12. Kujaza gari moja kwa mlango mmoja wa kuvuta, reseveri akipokea pesa na kutafuta chenji ya noti iliyochanika, ni dakika 2 kama hakuna fujo. Ukitaka hao watu waondoke ndani ya dakika 10, lazima uwe na nafasi 3 za kupakilia zilizo wazi kila treni inapofika, na nyuma yake uwanja wa magari 9 yanayongoja bila kuziba barabara. Hapo sijahesabu wale wanaoletwa kupanda treni, ambao magari yao nayo yanataka pa kushushia. Bila uwanja huo teksibisi zitapakilia katikati ya barabara, rulaji, polisi wa barabarani, atakuja kuomba karatasi, na foleni itafika mpaka sokoni.

Halafu kuna jambo ambalo linanichosha zaidi: treni inaondoka kwa saa, teksibisi inaondoka ikijaa. Saa 2 asubuhi hamtaona tatizo. Saa 5 treni inashusha watu 40, 10 wanakwenda Ruashi, 10 Katuba, 10 Kasapa, 10 Kisanga. Hakuna gari litakalojaa! Wote wanakaa juani wakingoja watu wa treni inayofuata, na dakika walizookoa kwenye reli zinaliwa palepale. Msimlaumu shofa, yaani dereva. Kila jioni ana pesa ya kumpelekea mwenye gari, na mafuta ni yake. Akiondoka na watu 10 amekula hasara. Dawa inajulikana: magari yanayolisha treni yalipwe kwa safari au kwa kilomita, si kwa kichwa cha abiria. Lakini hiyo inataka mkataba na mfuko wa pesa, na mfuko haupendezi kwenye picha.

Na treni yenyewe itakuja kila baada ya muda gani? Reli iliyoingia mjini mwaka 1910 ikitokea kusini, ya upana wa milimita 1067, ilijengwa kwa ajili ya shaba. Kwenye njia moja inayotumiwa na treni za pande zote mbili, nguvu ya injini haiwaongezei treni. Kinachoamua ni umbali kati ya sehemu za kupishana. Kama treni inatumia dakika 12 kutoka sehemu moja ya kupishana hadi nyingine, kila upande utapata treni moja kila dakika 24 na zaidi kidogo, yaani 2 kwa saa, na treni ya mizigo ikiingia katikati mnapoteza moja. Ukikosa hiyo treni kwa dakika moja, umepoteza nusu saa.

Sasa angalieni barabara inapokata reli. Treni 4 kwa saa, 2 kila upande, na kizuizi kikifungwa dakika 3 kwa kila moja, ni dakika 12 za kila saa ambazo magari yamesimama. Nani amesimama pale? Teksibisi inayowaleta abiria wa treni ileile inayopita mbele ya macho yao! Ndiyo maana kituo kiwe na mlango na uwanja wa magari pande zote mbili za reli, na daraja la miguu lenye paa, ili gari lisilazimike kuvuka. Sitaki kusikia kwamba ni gharama. Gharama ni kujenga kituo cha upande mmoja kisha kukibomoa.

Msiniambie haijawahi kufanyika. Johannesburg, wanakokwenda wengi wetu kwa biashara na matibabu, treni ya Gautrain ilifunguliwa 2010 ikiwa na mabasi yake. Kadi ni moja, na ukibadilisha ndani ya saa moja nauli ya basi inapungua. (Basi lenyewe halipokei pesa mkononi, kwa hiyo mgeni mwenye randi zake anabaki nje. Msiige hilo.) Lagos nao, njia ya treni ya Blue Line ya kilomita 13 ilipoanza kubeba abiria Septemba 2023, walitumia kadi ya Cowry ambayo tayari ilikuwa kwenye mabasi ya mji.

Addis ndiyo ya kujifunza kwa uchungu. Walifungua 2015, kilomita 34 hivi, vituo 39, treni 41. Reli wameipitisha katikati ya barabara na kuizungushia uzio, kwa hiyo mtu wa miguu anayetaka kuvuka anazunguka. Akishuka, analipa tena kwenye minibasi. Baada ya miaka michache treni nyingi zikasimama kwa kukosa vipuri. Treni zikipungua zile zinazobaki zinajaa, mtu anarudi kwenye minibasi, na pesa ya tiketi ya kununulia vipuri inazidi kupotea. Huko ndiko mnakotaka twende mkiwa mmefumba macho?

Nawajibu na wale wanaosema kadi ya elektroniki itamaliza yote. Umeme ukikatika mashine itasoma nini? Anzeni na tiketi ya karatasi ya dakika 90, inayotobolewa saa ya kuanza safari, inayopokelewa kwenye treni na kwenye teksibisi moja. Reseveri anabaki na kipande, jioni vipande vinahesabiwa, mwenye gari analipwa siku ileile. Siku ileile, nasema! Akilipwa baada ya wiki mbili, kesho yake reseveri atawaambia abiria tiketi hiyo haifanyi kazi.

Mizigo pia msiisahau. Mlango wa kuzunguka wa sentimita 55 haupitishi mfuko wa unga wala beseni la mboga. Kila kituo kiwe na angalau mlango mmoja wa sentimita 90 na mtu wa kuusimamia. Na sakafu ya kituo iwe sawa na sakafu ya behewa. Mama akipanda ngazi tatu na mzigo kichwani anatumia muda wa watu watano, na treni inachelewa hapo hapo.

Jambo la mwisho ni usiku. Teksibisi hupotea mapema barabarani, na mvua ikinyesha nauli inapanda bila kumuuliza mtu. Basi iandikwe kwenye mkataba kwamba gari la mwisho la kila njia linangoja treni ya mwisho. Treni ikichelewa dakika 25, gari linabaki, nauli haiguswi, na shofa analipwa hizo dakika 25.