Nimekwenda kwa ajili ya kiuno, akanigeuza shingo

Binti Kisauni: Ndugu zangu, naandika mikono ikitetemeka kwa hasira. Yule mnyoosha mgongo (chiropractor, anayetibu kwa kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono) wa Nyali, ambaye nyote mnamjua na sina haja ya kumtaja, leo asubuhi amenishika kichwa na kukizungusha mpaka nikadhani nitaviona visigino vyangu, ilhali tangu mlangoni nilimwambia kinachoniuma ni kiuno. Kiuno! Alikuwa ametoka tu kuibana simu kati ya bega na sikio akibishana na fundi juu ya bei ya vigae, akaiweka chini, akanigeuza shingo.

Mgonjwa wa mara ya kwanza huulizwa kwanza: maumivu yalianza lini, mguu unakufa ganzi au la, mifupa imedhoofika, anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, amewahi kuugua saratani. Kisha hupimwa: hugongwa goti kwa kinyundo, huinuliwa mguu ulionyooka akiwa amelala chali. Baada ya hapo ndipo huelezwa atakachofanyiwa, naye hukubali au hukataa. Mimi sikuulizwa hata jina. Shingo yangu, jamani, ambayo haikuwa na kosa lolote!

Mzee wa Makadara: Pole, binti yangu, lakini uliyepinduliwa kichwa hadi visiginoni umeandika aya mbili bila kukosea, kwa hiyo umepona. Tena kazi yenyewe ilianza hivyo hivyo: mwaka 1895, huko Davenport, Marekani, D. D. Palmer, aliyeianzisha, alimshika uti wa mgongo Harvey Lillard, ambaye shida yake ilikuwa masikio.

Binti Kisauni: Lillard simjui, mzee wangu. Kugeuzwa shingo kwa nguvu kunaweza, ingawa ni kwa nadra, kuchana mshipa wa damu unaokwenda kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Ndiyo maana ruhusa huombwa kabla, na mimi sikuombwa.

Abu Likoni: Wewe umeguswa angalau. Mimi nilivuka feri na maumivu yangu, nikapigwa eksirei ya mgongo mzima bila kuambiwa sababu, kisha nikatakiwa nilipie mapema matibabu ya miezi sita kabla sijapanda kitandani.

Mama Tudor: Miezi sita! Kwa maumivu ya kawaida ya kiuno, eksirei haina haja isipokuwa pana dalili ya hatari, kama vile kuanguka vibaya, homa au kukonda bila sababu. Mimi nami sikuambiwa kwamba kesho yake ningeamka mwili mzima unauma, ingawa ni jambo la kawaida na kwa kawaida hupita baada ya siku moja au mbili. Nilimlaza mume wangu macho usiku kucha.

Abu Likoni: Mama Tudor, wewe ulirudishiwa fedha ulipoacha? Mimi nimeambiwa hazirudi.

Mama Tudor: Hazirudi. Risiti je, ulipewa?