Kifungo kipimwe na nani, hakimu au raia?

Mkulima, Kakamega: Kijana wa kijijini kwetu alikiri kuiba mbuzi wawili, akafungwa miaka mitano, ingawa baba yake alikuwa amekwisha kumlipa mwenye mbuzi. Najua sheria inaruhusu hadi miaka 14 kwa wizi wa mifugo, lakini hakimu alikuwa mgeni kwetu. Huko Texas, Marekani, mshtakiwa anaweza kuomba mapema kwamba juri, yaani raia wa kawaida, ndiyo impangie kifungo badala ya jaji. Nasi hapa Kenya tulikuwa na wazee wa baraza katika Mahakama Kuu hadi walipoondolewa mwaka 2007. Kwa nini wasirudishwe, safari hii wapime adhabu?

Karani mstaafu, Nakuru: Ndugu, wazee wale hawakuwa juri. Walikaa watatu katika kesi za mauaji, wakatoa maoni kuhusu hatia ambayo jaji hakulazimika kuyafuata. Adhabu hawakuigusa, kwa kuwa muuaji alingojewa na kitanzi tu hadi Mahakama ya Juu ilipoamua, katika kesi ya Muruatetu Desemba 2017, kwamba adhabu ya kifo isiwe ya lazima. Tena kumbuka hapa Nakuru mapema mwaka 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi: ni raia wa mtaa gani wangempimia kifungo kijana wa mtaa wa pili bila chuki? Isitoshe, baadhi ya wazee walisinzia tangu saa nane, na walijulikana kwa kupenda chai.

Binti wa mzee wa baraza, Kisumu: Hilo la chai siwezi kuliacha lipite. Marehemu baba alipanda matatu ya alfajiri akiwa na viazi vitamu vilivyofungwa gazetini, ili saa ya chakula asikaribishwe na jamaa wa upande wowote. Jioni hakusema neno kuhusu kesi, hata mama alipomsihi. Huyo ndiye unayemweka katika kundi la wala rushwa?

Karani mstaafu, Nakuru: Pole, dada. Nilisema baadhi, wala sikumtaja mzee wako.

Binti wa mzee wa baraza, Kisumu: Hukumtaja, lakini walikuwa wachache na wanajulikana. Taja uliyemwona akipokea, au uliondoe neno hilo.

Mwalimu, Bungoma: Mzee, dada ana haki yake. Ila kijijini kwetu, asiye shemeji yako ni mtu mnayegombania naye mpaka wa shamba, kwa hiyo juri ya hapa naiogopa. Afadhali hakimu mgeni asome ripoti ya afisa wa probesheni na kumsikiliza aliyeibiwa, jambo ambalo sheria ya mwaka 2014 ya kuwalinda waathiriwa inaliruhusu.

Mkulima, Kakamega: Mwenye mbuzi alikaa benchi la nyuma siku ya hukumu, mfukoni ana barua ya malipo yenye muhuri wa chifu. Hakuna aliyemwita.

Karani mstaafu, Nakuru: Neno la chai naliondoa, dada, jina sina. Nawe ndugu, aliyekiri kosa bado anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu kuhusu ukubwa wa kifungo, ndani ya siku 14. Hukumu ilisomwa lini?