Kuchora Picha kwa Kugusa: Wasioona na Wenye Uoni Hafifu, Tupeane Uzoefu

Ndugu wanajamvi, nilichora picha za Tingatinga hapa Dar es Salaam kwa miaka kumi na moja kabla ya presha ya macho kunimalizia uoni. Siulizi kama asiyeona anaweza kuchora, kwa kuwa Eşref Armağan wa Uturuki, aliyezaliwa bila uoni mwaka 1953, amelijibu swali hilo kwa kazi zake. Yeye hukwaruza mistari ya picha kwa kalamu ya nukta nundu, kisha hupaka kwa vidole rangi moja moja, akisubiri kila moja ikauke ili zisichanganyike.

Ninachouliza ni namna mnavyofanya ninyi. Rangi ya mafuta tuliyoizoea hukawia kukauka, na kila nilipogusa kujua nimefika wapi niliharibu nilichokwisha kupaka. Sasa nimehamia akriliki, rangi ya maji inayokauka haraka, na mistari naichora kwanza kwa gundi ya mbao, nikiiacha usiku kucha ili asubuhi vidole viifuate. Gundi inatoka nene mno: jicho la ndege linakuwa kubwa kama kichwa chake.

Mchangiaji, Mombasa:
Pole sana, kaka, na hongera kwa kutoiweka brashi chini. Itie gundi ndani ya bomba la sindano la duka la dawa, bila sindano yake. Mstari utatoka mwembamba. Kwangu mimi shida ilikuwa rangi. Nilimfuata John Bramblitt wa Texas, aliyepoteza uoni mwaka 2001, ambaye huipa kila rangi uzito wake ili vidole viitambue: nyeupe nzito kama dawa ya meno, nyeusi laini kama mafuta. Njano naitia unga wa chaki, nyekundu naitia mchanga wa pwani niliouosha chumvi na kuuchekecha kwa kitambaa, na buluu naiacha ilivyo. Kipimo ukishakichagua usikibadilishe kamwe. Mimi nilikibadilisha mara moja, nikapaka bahari nzima kwa njano, na niliijua siku mwanangu alipotoka shule.

Mchangiaji, Nairobi:
Mimi sijawahi kuona, kwa hiyo rangi naipokea kwa maelezo ya wengine, lakini umbo ni langu mwenyewe. Kilichonisumbua miaka mingi ni kuambiwa kwamba reli mbili zinazokwenda sambamba hukutana mbali, ilhali mkono wangu haujawahi kugusa reli zilizokutana. Dada yangu alipigilia misumari miwili chini ya ubao na mmoja juu, akavuta nyuzi mbili kutoka chini hadi ule wa juu, kisha akaniwekea vijiti vya kiberiti katikati kuwa mataruma, kila kimoja kifupi kuliko kilichotangulia. Nilivipapasa jioni nzima, na siku iliyofuata nikachora treni yangu ya kwanza. Ndiyo maana napata nguvu nikikumbuka kwamba Armağan alipopelekwa Florence aliweza kulichora jengo la ubatizo la mji huo kwa kufuata kanuni hiyo hiyo ya mbali na karibu, na kwamba mwaka 2004 wanasayansi wa Boston waliupima ubongo wake akiwa anachora.

Mchangiaji, Unguja:
Mimi bado naona vivuli. Nabandika vipande vya nta mahali pa kichwa, bega na goti kabla ya kupaka. Sargy Mann wa Uingereza alitumia ulimbo wa kubandika kwa njia kama hiyo, akaendelea kuchora baada ya kupofuka kabisa hadi alipofariki mwaka 2015.

Mwanzisha mada:
Dada wa Mombasa, nimelijaribu bomba. Jicho la ndege limetoka dogo, na mke wangu ameniambia linatazama kushoto kama nilivyokusudia. Naomba sasa mnisaidie jambo moja: mkono unaopaka unapokuwa umelowa rangi, ule wa pili mnauweka wapi ili usipotee njia?