Naomba ushauri: picha zangu za tamasha la Wembley la 1985 zimegandana na albamu

Ndugu zangu, habari za wakati huu.

Tarehe 13 Julai 1985, nikiwa mwanafunzi jijini London, nilihudhuria tamasha la Live Aid katika uwanja wa Wembley, lililoandaliwa kuwachangia waathirika wa njaa nchini Ethiopia, na hadi leo sijasahau jinsi Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen na mzaliwa wa Unguja, alivyouteka uwanja mzima kwa dakika zipatazo 20 tu (mimi nilikaukiwa na sauti siku mbili). Nilipiga picha za rangi 15 hivi, nikazipanga kwenye albamu yenye kurasa za gundi zilizofunikwa nailoni.

Unyevunyevu wa Tanga umezigandisha na nailoni hiyo, na baadhi zimeota ukungu. Nilijaribu kubandua moja kwa wembe ikachanika pembeni. Fundi wa studio akanishauri niziloweke majini, lakini naogopa, kwa kuwa negativu zake (filamu za kusafishia nakala nyingine) zilipotea nilipohama.

Naomba kuuliza: je, kuloweka ni salama kwa picha za miaka hiyo, au ni heri kuzipiga upya zikiwa papo hapo chini ya nailoni? Na ukungu huo huondolewaje bila kuharibu rangi?