Kumkaripia mtu mpaka ajirekebishe, asiishie kununa tu: mnafanyaje?

Mpokea Zamu:
Habari za saa hizi wakuu. Nauliza kuhusu kugombeza na kugombezwa, na naomba majibu ya vitendo. "Uwe mpole" nimeshaisikia vya kutosha.

Kazini: mtu anachelewa kupokea zamu, ameonywa kwa upole, bado yuleyule. Akikaripiwa ananuna na kazi inazidi kuharibika. Asemeshweje, wapi, kwa muda gani? Nyumbani: mtoto wa miaka 4 na wa miaka 13 hawakaripiwi sawa, hilo liko wazi, ila tofauti iwe wapi hasa? La mwisho: bosi anakufokea mbele za watu na nusu ya anayosema si kweli. Ukinyamaza umekiri, ukijibu una kiburi. Unafanyaje palepale?

Fundi Mkuu:
Mkuu, nianze na la kazini maana ndilo lenye mengi.

Kuhusu kuharibu zaidi baada ya kusemwa: mwaka 1996 watafiti Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya tafiti nyingi juu ya kuwaambia watu jinsi walivyofanya kazi. Walikuta kwamba katika zaidi ya theluthi moja, kuambiwa huko kulishusha kazi badala ya kuipandisha. Maelezo yao ni kwamba maneno yakilenga kazi, akili inakwenda kwenye kazi; yakimlenga mtu mwenyewe, akili inahamia kwenye kujilinda. "Umechelewa dakika 25 na mwenzako ameshindwa kuondoka" ni kazi. "Wewe huna nidhamu" ni mtu. Ukishatamka hilo la pili hakusikii tena, yuko kichwani anatafuta ushahidi kwamba nidhamu anayo, na hatakosa.

Kabla ya kumwita, jiulize kama hajui, hawezi, au hataki. Karipio linatibu hilo la tatu tu. Kama basi analolitegemea linafika saa 2:20 na zamu inaanza saa 2:00, hata ukifoka mpaka koo likauke basi halitabadili ratiba. Hapo mnazungumzia kubadilisha zamu au usafiri. Wengi tunaruka hatua hii kwa sababu kosa la mwenzetu tunalihesabu kuwa ni tabia yake, ila la kwetu tuna sababu zake zote. Mwanasaikolojia Lee Ross aliandika juu ya jambo hili mwaka 1977 na halijabadilika.

Mahali: faragha, mlango umefungwa, wote mmekaa au wote mmesimama. Ukimsimamia aliyekaa umeshaanza kumtisha kabla hujafungua mdomo. Wakati: siku ileile, hasira yako ikishashuka, na asiwe anarudi moja kwa moja kwenye mashine, kisu au usukani, maana aliyetoka kugombezwa mikono yake iko pale na akili haipo. Hatari ndiyo inayovunja utaratibu huu. Mtu akitaka kuingiza mkono kwenye mashine inayozunguka, unapaza sauti palepale, neno moja: "Acha!" au "Zima!" Maelezo ni baadaye, faragha.

Maneno yawe hivi: "Jumatatu umefika saa 2:25, Alhamisi saa 2:40. Zamu inaanza saa 2:00. Mwenzako amebaki hapa akikusubiri, na makabidhiano yamefanywa mbiombio. Kuna nini?" Kisha nyamaza. Hesabu mpaka kumi kimoyomoyo ikibidi. Hapa ndipo wasimamizi wengi wanapoharibu: kimya kinawakera, wanajijibu wenyewe, na yule mtu anaondoka hajasema neno. Akishaeleza, muulize atafanya nini, aseme yeye kwa mdomo wake, kisha wekeni tarehe ya kuangalia tena, tuseme wiki 2.

Dakika 5 zinatosha, 10 ni nyingi. Likirefuka, kosa la leo linaisha na mtu anaanza kufukua makaburi: la mwaka jana, la siku ya kuanza kazi, mwisho anamtaja na ndugu yake. Epuka "kila siku" na "hata siku moja", kwani atakumbuka siku aliyowahi na mtabishana juu ya hiyo. Usiulize "una akili kweli?", swali hilo halina jibu. Wala usiite kikao cha wote kwa kosa la mmoja. Wasio na hatia wanaumia, mwenye kosa anajificha katikati yao.

Mlezi wa Wengi:
Nakuja kwa watoto.

Wa miaka 4: msogelee, usimfokee kutoka chumba kingine. Inama macho yenu yalingane, mwite jina, toa agizo moja kwa maneno machache, na liseme la kufanya. "Weka kikombe mezani" analielewa kuliko "acha kuchezea kikombe", ambalo linamwachia yeye kazi ya kubuni afanye nini badala yake. Subiri sekunde 5 hivi kabla ya kurudia. Tukirudia mara nne kwa pumzi moja tunamfundisha kwamba agizo la kwanza halina uzito. Asipotii, matokeo yaje palepale na yahusiane na kosa: kikombe kinaondolewa. Adhabu ya jioni kwa kosa la asubuhi hawezi kuiunganisha. Na tafadhali, usimbane na "kwa nini umefanya hivyo?" Umri huo hajui kwa nini. Atabuni jibu ili ufurahi, halafu utamgombeza tena kwa uongo.

Wa miaka 13, tatizo kubwa ni aibu. Kumsema mbele ya rafiki zake au wadogo zake ni kumvua nguo. Kosa atalisahau, aibu ataibeba. Mwaka 2013 watafiti Ming-Te Wang na Sarah Kenny walitoa utafiti uliofuatilia watoto wa umri huo: waliokuwa wakifokewa, kutukanwa, kuitwa wavivu au wajinga na wazazi wakiwa na miaka 13, walizidi utundu na dalili za huzuni nzito mwaka uliofuata. Upendo wa mzazi haukupunguza madhara hayo, kwa hiyo "namfokea lakini anajua nampenda" si kinga. Na mambo yalizunguka: utundu ulizaa ukali, ukali ukazaa utundu.

Kinachosaidia: ongea naye mkitembea au mkiosha vyombo, si kumweka mbele yako kama mshtakiwa. Jambo moja kwa siku moja. Anza na "ilikuwaje?" badala ya "kwa nini?" Adhabu iwe inajulikana kabla ya kosa, na iwe fupi. Simu ikichukuliwa jioni moja au siku 2, anaihisi. Ikichukuliwa mwezi mzima, kufika wiki ya pili ameshazoea, na akikosa tena huna cha kuchukua. Mzazi mmoja akigomba, mwingine asimtetee mbele ya mtoto, ila naye asijiunge. Watu wazima wawili kwa mtoto mmoja ni kumvamia.

Karani Mtulivu:
La kufokewa na bosi. Moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, adrenalini (homoni ya hofu na hasira) imepanda, na mwili unahitaji dakika 20 au zaidi kutulia. Kwa hiyo palepale usijaribu kushinda hoja. Lengo ni kutoka hapo bila kukiri uongo na bila kuwasha moto.

Toa pumzi polepole, shika kalamu, andika anachosema. Kuandika kunakupa pa kuweka macho, na kunaficha lile tabasamu la woga ambalo watu wengi huwatoka bila kutaka, naye akadhani unamdharau. Akinyamaza, tenganisha la kweli na lisilo kweli, la kweli likitangulia: "Nimekusikia. Ripoti nimeichelewesha, ni kweli, nitaileta kesho saa 4 asubuhi. La fedha sivyo lilivyo. Naomba nikuonyeshe karatasi tukiwa wawili." Hapo hujakiri la uongo, na hujambishia mbele za watu. Usiweke "lakini" baada ya samahani, inaifuta. Usimwambie "tulia", hakuna aliyewahi kutulia kwa kuambiwa hivyo.

Karatasi zipeleke siku ileile au kesho yake, kabla maneno yake hayajageuka ukweli ofisini. Kama ni matusi, au yanajirudia, usiyahesabu tena kuwa karipio. Andika tarehe, saa, maneno yenyewe na waliokuwepo, uyapeleke kwa aliye juu yake au kwa anayeshughulikia wafanyakazi.

Mpokea Zamu:
Asanteni sana, mmenifungua. Fundi Mkuu, baada ya kumkaripia, nimfuate kumbembeleza? Wengine hushauri kuanza na sifa, kuweka karipio katikati, kumaliza na sifa.

Fundi Mkuu:
Hiyo ya sifa huku na huku siiungi mkono. Mtu anazoea mtindo huo upesi, na siku ukimsifu kwa dhati anasubiri pigo. Sifa zipe siku zake: akifika saa 1:55, mwambie palepale kwamba umeona na mwenzake ameondoka kwa wakati.

Kubembeleza pia hapana, kwa sababu unafuta ulichosema. Saa moja mbili baadaye msemeshe kuhusu kazi nyingine kwa sauti ya kawaida, mpe jukumu lake kama siku zote. Kama ulipaza sauti, omba radhi kwa sauti tu: "Nilikufokea, samahani. La saa 2:00 liko palepale." Na tarehe ya kuangalia tena ikifika, kaeni hata kama amejirekebisha kabisa, dakika 2 tu, mkiwa na daftari la mahudhurio mezani. Ukiipitisha kimya, atajua hukuwa unaangalia, na makubaliano mapya utakayoweka naye atayachukulia hivyohivyo.