Patisheni imekuwa ndogo kuliko mfumo wa faili

Swali: Baada ya kupunguza patisheni (sehemu ya diski) yenye ext4, aina ya mfumo wa faili wa Linux, Linux inakataa kuifungua, na e2fsck, programu ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili, inaeleza kwamba mfumo wa faili una bloku (vipande vya kuhifadhia data) nyingi kuliko patisheni yenyewe. Je, niiruhusu irekebishe?

Jibu: Usiiruhusu kwa sasa. Mpaka wa patisheni ulipunguzwa kabla ya mfumo wa faili uliomo ndani, hivyo sehemu yake ya mwisho imebaki nje. Kwa kutumia parted, programu ya kupanga patisheni, rudisha mwisho wa patisheni pale ulipokuwa, bila kugusa mwanzo wake. Kisha endesha e2fsck -f, halafu upunguze mfumo wa faili kwa resize2fs, na mpaka wa patisheni uupunguze mwishoni kabisa.

Jibu: Ushauri huo unafaa iwapo nafasi iliyoachwa haijaandikwa chochote. Kama ina patisheni mpya, nakili kwanza diski nzima.