Fundi kaniambia "skrini inasema mia, wewe nani uibishie?" na nyama imeoza kwenye friji

Suka wa Kaskazini

Wakuu, naandika mkono unatetemeka. Simtaji, mnamjua. Kama una gari la kitalii Arusha na umewahi kufungiwa inveta (ile ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani), lazima ulipita kwake: yule mwenye kofia ya kampuni ya betri na maneno mengi kuliko spana.

Nina Land Cruiser nimeigeuza kempa. Kitanda nyuma, hema juu, jiko, friji la volti 12, na betri ya pili ya jeli 100Ah (yaani inatoa ampia moja kwa saa 100) kwa ajili ya mzigo wa nyuma tu. Nikamwambia huyu bwana nataka kitu kimoja maishani: nijue chaji iliyobaki. Betri ya jeli ukiishusha chini ya nusu kila mara unaiua, na kuibashiri kwa volti wakati friji linavuta ni kupiga ramli. Akasema hilo dogo, akanifungia mita ya shanti, kile kipande cha chuma kinachopima umeme unaoingia na kutoka kwenye betri, na skrini ya rangi pale dashibodi. "Usihangaike na volti, wewe soma asilimia." Nikalipa yote, hata punguzo sikuomba.

Tumeingia Serengeti. Friji linaunguruma, skrini mia. Wageni wanachaji kamera, kompyuta, simu, taa za kichwa, skrini mia. Jumamosi wakataka kupumzika kambini pale Seronera, gari halikuwashwa kutwa nzima. Skrini mia! Taifa zima lingeweza kuchaji simu kwenye gari langu na ile skrini ingesema mia.

Asubuhi friji kimya. Nafungua kifuniko, harufu iliyonipiga fisi wa Ndutu waliisikia. Nyama yote, maziwa, siagi imeyeyuka imeingia kwenye mikate. Na humo humo kulikuwa na insulini ya mgeni wangu. Insulini, jamani! Tumekimbia nayo lodge ya jirani wakatuhifadhia, Mungu awabariki. Nageuka dashibodi, nabonyeza ukurasa wa pili: 10.9V. Ukurasa wa kwanza: 100%.

Sasa sikieni. Leo mchana nimeshuka Arusha, nikapitia kwake wageni wangu bado wamo garini. Nimemweleza kwa adabu. Hakuinua hata macho kwenye simu. Akasema: "Dereva, kazi yako usukani. Skrini inasema mia, wewe nani uibishie?"

Mbele ya mgeni aliyekaa Moshi akijitolea, Kiswahili anakisikia vizuri kuliko huyo fundi. Mwanafunzi wake pale pembeni akacheka mpaka akaangusha testa.

Nikainua kiti cha nyuma mwenyewe. Shanti imeandikwa 500A 50mV, inang'aa, imefungwa waya mmoja mwembamba wa taa za ndani. Waya mweusi mnene wa friji na ule wa inveta vimekaa moja kwa moja kwenye hasi ya betri, boliti moja, hata teipu hakuna. Yaani mita yangu kazi yake ilikuwa kuhesabu taa ya kusomea! Nimemwonyesha kwa kidole. Kaangalia, kasema "mbona inasoma?"

Wewe nani uibishie. MIMI NDIYE MWENYE NYAMA.

Mzee wa Spea

Pole sana mkuu. Huyo huyo ndiye alinifungia taa za ziada, nikawa nikiwasha wipa honi inalia. Nimeingia nayo Karatu mvua ya masika, watu wanapisha wakidhani msafara wa mkuu wa mkoa.

Binti Meru

Picha ya hiyo boliti au ni chai.

Suka wa Kaskazini

Binti Meru, picha ninazo, mtandao hapa unasuasua. Lakini picha haitakuonyesha alivyosema "wewe nani". Hajaniuliza hata friji ni la ampia ngapi! Wewe nani!

Kijana wa Usa River

Mkuu povu lote hili na volti 10.9 ilikuwa ukurasa wa pili? Kidole kilikuwa na likizo?

Suka wa Kaskazini

Yeye mwenyewe ndiye aliniambia nisome asilimia. Nililipia asilimia. Ningetaka volti ningenunua mita ya buku kumi sokoni nikachomeka kwenye kiberiti cha gari.

Umeme Mnyonge

Ngoja niwasaidie maana wengi mtapigwa. Shanti inakaa upande wa hasi, na KILA kitu, kinachotumia na kinachochaji, lazima kipite upande wake wa pili. Kwenye hasi ya betri unabaki waya mmoja tu, unaokwenda kwenye shanti. Kufunga friji kabla ya shanti ni sawa na kufunga mita ya maji halafu bomba la bafuni ukalitoa kabla ya mita: bili ndogo, tangi tupu.

Pili, uliza kama aliingiza ukubwa wa betri. Mita nyingine zinatoka kiwandani zimewekwa 200Ah. Una betri ya 100, umetumia 50, mita inakwambia bado una 75%. Hapo waya zote zinaweza kuwa sawa na bado ukalala njaa.

Tatu, ikipumzika bila mzigo saa kadhaa, betri ya jeli iliyojaa inasoma 12.7 au zaidi kidogo, nusu yake ni kama 12.2 hadi 12.4. Ikifika 10.9 friji linaweza kujizima lenyewe, na betri umeishaiumiza.

Suka wa Kaskazini

Mkuu Umeme Mnyonge, asante, wewe umenijibu kama mtu. Yeye hata hayo maneno matatu hakuwa nayo. Alikuwa na moja tu, mnalijua.

Mutua wa Nanyuki

Wadau, na hapa kwetu ni hivyo hivyo, ila yangu mbaya zaidi. Niliuziwa betri imeandikwa 200Ah, nikaibeba kwa mkono mmoja hadi kwa gari nikijiona nina nguvu. Betri ya kweli ya aina hiyo inakaribia kilo 60! Usiku mmoja Samburu, friji imezima saa nne. Wewe angalau betri yako ni ya ukweli.

Suka wa Kaskazini

Mutua pole, lakini wewe ulitukanwa mbele ya wageni?

Mutua wa Nanyuki

Mgeni alikuwa ni mama mkwe wangu.

Mzee wa Spea

Mutua ameshinda huu uzi.

Dada Kempa

Mnalaumu mafundi, wageni je? Mimi nimempata mmoja kachomeka mashine ya kukausha nywele kwenye inveta. Wati 1,500! Kwa volti 12 hizo ni ampia 125 na zaidi, waya ulinuka gari zima. Nilipomwambia akasema hotelini huwa inafanya kazi.

Kijana wa Usa River

Hahaha na tipu alitoa?

Dada Kempa

Alinipa kalamu. Kalamu ya benki.

Mpishi wa Kambi

Kalamu! Sisi wapishi hata hiyo hatuoni, bahasha inaishia kwa suka. Naona masuka wengi humu leo, tuzungumze.

Suka wa Kaskazini

Rudini kwenye mada jamani. Mtu amefunga boliti moja, insulini ya mgeni nusura iharibike, na bado ananiuliza mimi nani. Nataka mnishauri: nimrudishie mita nidai hela, au niende na Umeme Mnyonge?

Mzee wa Spea

Mpishi, bahasha ya mwezi uliopita tuligawana sawa, usitafute kesi. Uliulizwa hata chumvi umeweka wapi ukanuna.

Mpishi wa Kambi

Chumvi ilibebwa na nyani pale Simba Campsite, Ngorongoro, na wewe ulikuwepo! Ukalala garini kwa baridi, mimi peke yangu na jiko, na tembo amesimama kwenye tangi anakunywa maji yetu ya chai.

Binti Meru

Huyo tembo wa tangi la Simba namfahamu. Hiyo sasa nataka picha.

Dada Kempa

Ninayo video, anamaliza maji mgeni wangu akiwa katikati ya kuoga. Naituma sasa hivi.